Uongo Hauna Paukwa

Somo la Jumapili: Waamuzi 9:7–15, 2 Samweli 12:1–7, Matendo 19:18–20



Kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikiulizwa swali moja na wazazi wa hapa Chakol, na pia na ndugu wanaokuja kuabudu nasi kutoka Malaba na Busia. Mmoja huuliza kwa upole, mwingine huuliza akiwa amekasirika, lakini swali ni lile lile: "Pasta, hizi filamu na michezo ya simu yenye majoka, wachawi na watu wanaoruka angani, ni za Mungu au ni za shetani?" Mama mmoja alipata kitabu cha namna hiyo chini ya godoro la mwanawe wa kidato cha pili. Alitaka nimwombee kwanza, halafu akitie motoni.

Kisha nikakutana na kijana ambaye alikuwa mwimbaji wetu, akaacha kuja. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Pasta, kila Jumapili nasikia kwamba kitu ninachokipenda ni mapepo. Nikaona labda hata mimi siwezi kutoshea hapo ndani." Hakusema kwa kiburi. Alisema akiangalia chini.

Wapendwa, hilo si jambo la kuchezea. Tukisema ovyo kuhusu jambo hili, tutampoteza kijana ambaye Kristo alimfia. Tukinyamaza kabisa, tutamwacha peke yake mbele ya kioo, bila mtu wa kumwonyesha lililo jema na lililo ovu. Kwa hivyo leo tutafungua Neno, tulitazame jambo lenyewe kama lilivyo.

TUNAZUNGUMZA JUU YA NINI?

Hadithi za njozi, wengine huziita fantasia, ni hadithi za ulimwengu usiokuwepo. Wanyama wanasema. Pete inabeba nguvu. Mtu anafungua mlango wa kabati na kujikuta katika nchi nyingine.

Msidhani jambo hili limeletwa na simu. Nyanya zetu walitusimulia habari za zimwi linalomeza watu, na sungura mdogo anayemshinda fisi kwa akili. Majirani zetu Wajaluo wana Lwanda Magere, shujaa ambaye mwili wake ulikuwa kama jiwe. Mikuki ilimgonga ikaanguka chini, mpaka mke aliyetoka kwa maadui akagundua kwamba nguvu zake zimo kivulini. Ukisikia hivyo, si unamkumbuka Samsoni na Delila katika Waamuzi 16? Waswahili wa pwani nao wana Fumo Liyongo, ambaye hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Na aliyemchoma alikuwa mwanawe mwenyewe.

Leo zimwi limehamia kwenye kioo. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, kuna watu wanaoitwa VJ. Filamu ya Marekani au ya China inaendelea, naye anaisimulia juu yake kwa Kiganda, akitia vichekesho na maneno ya mtaani. Hapa Kenya tunaye DJ Afro, anayefanya kazi hiyo kwa Kiswahili. Kwa hiyo hata mtu asiyejua Kiingereza anajua habari za pete, za majoka, na za Wakanda, ile nchi isiyo kwenye ramani yoyote, ya filamu ya Black Panther ya mwaka 2018 ambayo Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o aliigiza ndani yake. Halafu kuna michezo, ya simu na ya PlayStation. Humo mtoto hamtazami tu shujaa. Yeye mwenyewe ndiye shujaa. Ana upanga, ana maisha matatu, na akifa anaanza tena.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Sasa tuulize Biblia.

YOTHAMU JUU YA MLIMA

Abimeleki aliwaua ndugu zake, wana sabini wa Gideoni, juu ya jiwe moja, ili awe mfalme. Mdogo wao Yothamu alijificha, akapona. Siku watu wa Shekemu walipomtawaza yule muuaji, Yothamu alipanda Mlima Gerizimu akapaza sauti. Alisema nini? Hakuanza na orodha ya makosa. Aliwaambia hadithi ya miti!

Miti ilitoka kwenda kujitafutia mfalme. Ikauendea mzeituni, ukakataa, maana hauwezi kuacha mafuta yake. Ikauendea mtini, ukakataa. Ikauendea mzabibu, nao ukakataa. Mwisho ikauendea mti wa miiba, nao ukakubali upesi sana. Tena ukaialika miti yote ije ijikinge kivulini mwake. Wapendwa, nani kati yenu amewahi kupumzika kwenye kivuli cha miiba? Kivuli kiko wapi? Mwenye matunda yuko kazini, na asiye na tunda lolote ndiye anayetaka kiti. Kila msimu wa uchaguzi mimi huikumbuka hadithi hii.

Nauliza: miti ilisema kweli? Miguu ilitoa wapi? Haikutembea. Kila aliyemsikia Yothamu alijua kwamba haikutembea. Lakini hadithi ile ilikuwa na ukweli mzito kuliko tangazo lolote lililotolewa Shekemu siku ile. Soma sura yote uone moto ulivyotoka kwenye miiba ile.

Sasa njoo kwa nabii Nathani. Daudi ametwaa mke wa Uria, na Uria amekufa vitani kwa mpango wake. Nathani anaingia na hadithi ya tajiri aliyenyang'anya kondoo mmoja wa maskini. Daudi anawaka hasira, anamhukumu yule tajiri, na papo hapo anagundua kwamba amejihukumu mwenyewe. Nathani angeingia kwa mlango wa mbele, angekuta walinzi. Hadithi iliingia kwa mlango wa nyuma, ikamkuta Daudi moyoni ambapo hakuwa na mlinzi.

Ndiyo maana hadithi si kitu cha kudharau. Ikiweza kumwingiza mfalme kwenye toba, hadithi nyingine inaweza kumwingiza mtu kwenye uovu, kwa mlango ule ule. Haleluya? Shikeni hapo.

"LAKINI PASTA, WAEFESO WALICHOMA VITABU"

Ni kweli. Matendo 19. Thamani ya vitabu ilikuwa vipande vya fedha hamsini elfu, na kipande kimoja kilikuwa kama mshahara wa kibarua wa siku moja. Lakini soma polepole. Vitabu vile vilikuwa vya nani? Vilikuwa vya watu waliokuwa wakifanya uganga, na vilikuwa vyombo vyao vya kazi. Havikuwa hadithi za mganga. Vilikuwa mitambo ya mganga. Na waliovichoma ni wenyewe, baada ya kuamini na kuungama. Hakuna mahali Paulo aliingia nyumba ya mtu kupekua chini ya godoro.

Kwa hivyo mpaka ni huu, na mimi sitausogeza hata hatua moja. Kumbukumbu la Torati 18 linakataza uchawi, kupiga ramli na kuomba wafu. Kitabu, mchezo au video ikikuambia wewe, msomaji, uwashe mshumaa, utamke maneno, uite roho, hiyo si hadithi tena. Ni uganga uliovaa jalada zuri. Acha, na ukitaka choma. Lakini kitabu kinachosimulia kwamba palikuwa na mchawi hakijakufanya mchawi, kama vile kusoma habari za mwanamke wa Endori katika 1 Samweli 28 hakukufanyi mpiga ramli.

Na Paulo anapomwonya Timotheo ajiepushe na hadithi za kubuni, na Petro anaposema mitume hawakufuata hadithi zilizotungwa kwa werevu, wanapigana na nini? Wanapigana na watu waliokuwa wakitunga mambo na kuyafundisha kama ufunuo. Shida yao haikuwa kondoo wa Nathani. Shida yao ilikuwa hadithi inayovaa kanzu ya ushuhuda.

WALIOHUBIRI KWA MAJITU NA SIMBA

John Bunyan, mhubiri wa Uingereza, alifungwa miaka 12 kwa sababu alikataa kuacha kuhubiri bila kibali. Mwaka 1678 alitoa hadithi ya msafiri anayebeba mzigo mgongoni, anayepigana na jini mwenye magamba, na anayefungiwa katika ngome ya jitu linaloitwa Kukata Tamaa. Kitabu hicho kimetafsiriwa kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Babu zetu wengi katika imani walikisoma pamoja na Biblia, na hakuna aliyesema Bunyan ameleta majitu kanisani.

C. S. Lewis alikuwa msomi asiyeamini. Mwaka 1931, baada ya mazungumzo marefu ya usiku na marafiki wawili, alifika kumwamini Kristo. Baadaye aliandika vitabu saba vya nchi ya Narnia, kuanzia 1950 hadi 1956. Humo simba mkuu anakubali kuuawa badala ya mvulana msaliti, kisha anafufuka. Mmoja wa marafiki wale wawili wa usiku ule alikuwa J. R. R. Tolkien, Mkristo aliyezaliwa katika bara letu, Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Ndiye aliyeandika hadithi ya pete. Pete ile inampa mwenye kuivaa nguvu, lakini inamla polepole. Hata mtu mwema hawezi kuitumia vizuri. Dawa yake ni kuiharibu tu. Mheshimiwa akiingia ofisini akiwa mtu wa watu na kutoka akiwa mtu wa tumbo, mimi huikumbuka pete.

Na hapa Afrika Mashariki? Shaaban Robert aliandika Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea hewani, wakati Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza. Mtu anashtakiwa humo kwa sababu anataka watu wafundishwe sheria! Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wenye wivu wanamtupa ndugu yao baharini, kisha wanageuzwa kuwa manyani. Shaaban Robert alikuwa Mwislamu, lakini ukikisoma kitabu kile utakumbuka Mwanzo 37, Yusufu na shimo lake. Wivu ni ule ule, uwe msikitini au kanisani.

Sisemi kila hadithi ya njozi ni Injili iliyofichwa. Hapana. Nasema joka likiwa kwenye jalada, bado hujajua kilichomo ndani.

HADITHI INA MLANGO

Sasa nifike kwenye jambo kubwa la leo. Wazee wetu wa Kiswahili walikuwa na hekima. Kabla msimulizi hajaanza, alisema, "Paukwa!" Na watoto wakajibu, "Pakawa!" Ule ulikuwa mlango. Kila mtu alijua, sasa tunaingia kwenye hadithi. Ikiisha, tunatoka, tunaenda kulala, na hakuna anayemtafuta zimwi asubuhi.

Hadithi inajitambulisha. Uongo hauna paukwa. Uongo unaingia bila hodi na kukaa sebuleni kama ukweli.

Tembea kutoka hapa hadi stendi ya Malaba, usome karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za stima. Jiunge na Illuminati upate utajiri. Daktari anarudisha mpenzi aliyepotea, anafungua nyota, anapata mali iliyoibwa. Je, hizo si hadithi za njozi? Zina pete, zina nguvu za ajabu, zina utajiri wa ghafla. Lakini hakuna aliyesema paukwa. Na mtu mzima, mwenye watoto, anatuma pesa.

Fungua simu. Kuna mchezo wa kubeti ambapo ndege inapaa na pesa inaongezeka kadiri inavyopanda. Kijana anaambiwa hiyo ni biashara. Yule mwenzake anayepigana na joka kwenye simu anajua joka si la kweli. Huyu wa ndege anaamini, na ada ya shule inaruka nayo.

Nenda mbali zaidi. Mwaka 2021, wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani, Kaunti ya Kisii, kwa kushukiwa kuwa wachawi. Waliowaua hawakuwa wakisoma riwaya. Walikuwa wameisadiki hadithi ya mchawi kama ushahidi. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Iliripotiwa kwamba watu walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Watoto walikuwemo. Nisemeje hapa, wapendwa? Hawakuuawa na joka la filamu. Kilichowapeleka msituni ni simulizi la mtu, lililosimuliwa kwa jina la Bwana, na Biblia mkononi.

Ndiyo maana mimi kama mchungaji silali usingizi kwa sababu ya uongo usiojitambulisha, kuliko kwa sababu ya kitabu kilicho chini ya godoro. Tena nasema hivi: mtoto aliyezoea hadithi, aliyefundishwa kuuliza "huyu mwenye nguvu alizipata wapi, na anataka nini kwangu?", huyo ni vigumu kumdanganya. Watu wa Shekemu walisikia hadithi ya miiba wakaipuuza, wakajikinga kwenye kivuli kisichokuwepo. Mwambie jirani yako: angalia kivuli!

MASWALI MATATU YA KUPIMIA

Vijana, nisikilizeni. Sijawapa ruhusa ya kutazama kila kitu. Nawapa mizani. Kabla au baada ya kitabu, filamu au mchezo, jiulize:

1. Nguvu katika hadithi hii zinatoka wapi, na zinagharimu nini? Hadithi nzuri husema ukweli kwamba nguvu zina bei. Hadithi mbaya husema unaweza kuwa na nguvu zote, umkanyage kila mtu, na mwisho uchekelee.

2. Inanifundisha kumpenda nani na kumdharau nani? Kuna filamu ambazo mwanamke yumo tu ili avuliwe nguo, na maskini yumo tu ili afe. Ukicheka humo mara mia, mara ya mia na moja utacheka nyumbani kwenu. Bodi ya filamu ya Kenya, KFCB, huweka alama za umri: GE ni ya wote, PG ni ya kutazamwa mzazi akiwepo, kisha kuna 16 na 18. Mzazi, jifunze alama hizo. Ni rahisi kuliko kusoma mita ya stima.

3. Nikiifunga, narudi nyumbani nikiwa mtu gani? Hapa michezo ndiyo yenye hatari zaidi, maana haina ukurasa wa mwisho. Mingine imetengenezwa makusudi ikuuzie upanga na nguo za shujaa kwa pesa halisi, na namba ya siri ya M-Pesa ya mama inajulikana. Ukimaliza kucheza huwezi kuosha sahani, huwezi kulala, huwezi kuomba, basi hukutoka mlangoni. Umebaki ndani. Na kumbuka, kwenye simu una maisha matatu. Waebrania 9:27 inatufundisha kwamba mtu anakufa mara moja, kisha hukumu. Kwenye barabara ya malori hii yetu, hakuna kuanza tena.

KWA WAZAZI

Usianze na moto. Anza na kiti. Keti karibu na mwanao umwambie, "Nisimulie." Baba, hata kama ni dakika ishirini baada ya kutoka shambani. Utajua kilicho moyoni mwake kuliko ukipekua mfuko wake. Ukikuta kibaya, sema kibaya bila kuficha, na utumie mamlaka uliyopewa. Ukikuta kizuri, kisifu. Mtoto aliyesikia mzazi akisifu kizuri ataamini mzazi akikataza kibaya.

Tena turudishe hadithi nyumbani. Tumewaachia VJ na DJ kazi ya nyanya, halafu tunalalamika watoto wanawasikiliza wao. Nani atawasimulia Yothamu? Nani atawasimulia yule joka mwekundu mwenye vichwa saba wa Ufunuo 12, na jinsi anavyoshindwa kwa damu ya Mwana-Kondoo na kwa neno la ushuhuda? Watoto wetu wanapenda vita vya nuru na giza kwa sababu waliumbwa kwa ajili ya vita hivyo. Tuwaonyeshe vilivyo vya kweli.

YA KUJADILI KATIKA USHIRIKA WA NYUMBANI

• Kila mmoja asimulie hadithi moja ya zamani aliyosikia utotoni, kwa Kiteso au lugha yake. Ilimfundisha nini?
• Vijana wachague filamu au mchezo mmoja wanaoupenda na kuupima kwa maswali matatu, wazazi wakisikiliza bila kukatiza.
• Ni uongo gani usio na paukwa unaozunguka mtaani kwetu mwezi huu?

TUOMBE

Baba, wewe uliyemtuma Nathani na hadithi kwa Daudi, tupe masikio ya kuisikia kweli inapokuja kwa mlango wa nyuma. Walinde watoto wetu wasinaswe na kioo. Utulinde sisi watu wazima tusinaswe na wanaouza ndoto kwa jina lako. Waliotuacha kwa sababu ya ukali wa midomo yetu, warudishe, nasi utupe nafasi ya kuwasikiliza. Katika jina la Yesu, Amina.